Nguzo za Nyuki Ukutani

Mwaka ule nilikuwa nimetulia Mpanda mjini, kwa kipimo changu cha kutulia. Nilipanga chumba Misunkumilo, nikanunua godoro na jiko la mkaa, na nikawa na kazi ya kunipeleka mahali pamoja kila asubuhi. Walionifahamu walishangaa. Kabla ya hapo nilikuwa nimeuza dagaa wa ziwani, nimekuwa utingo wa lori la mahindi, na nimekaa Sitalike msimu mzima nikimshikia spana fundi wa magari ya watalii, mahali ambapo viboko wanakoroma kushinda jenereta. Shule niliiacha darasa la sita, na wala hakuna kisa cha kusikitisha. Niliona treni inaondoka, nikataka kujua inakwenda wapi.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye steshenari karibu na soko. Nilitoa fotokopi, nilipiga picha za pasipoti, niliwaandikia watu barua za maombi. Kompyuta nilijifunza palepale, kwa kubonyeza kila kilichobonyezeka na kumuuliza mwenye duka pale alipopiga kelele. Nilipofika kwenye Ekseli nikanasa. Ilikuwa kama karatasi inayojibu. Unaandika namba hapa, kitu kinabadilika kule, na mimi tangu utoto nimekuwa mtu wa kutaka kujua kimebadilikaje.

Siku moja, miyombo ikiwa imeshatoa yale majani mekundu ya kabla ya mvua, aliingia mama mmoja wa Litapunga. Alifungua pembe ya kitenge chake, na mahali ambapo wenzake hufunga hela yeye alikuwa amefunga flash.

"Mwanangu, humu kuna chati. Nitolee kubwa, ya rangi."

Nikamtolea. Zilikuwa nguzo chache, fupi, zimepangana kama meno ya mtoto. Akaishika karatasi, akaitazama, akanirudishia.

"Toa nyingine."

"Mama, nyingine itakuwa hiihii."

"Basi mashine yako ni mwongo kama ile ya nyumbani."

Nilicheka, yeye hakucheka. Alikaa kwenye benchi la wateja na kunieleza, na nadhani alinieleza kwa sababu mimi sikuwa mtu wa kijijini kwao.

Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji nyuki. Kijiji kiliwapa kipande cha msitu wa miyombo wakitumie, na yeye ndiye aliyewashawishi wenzake watundike humo mizinga ya masanduku badala ya ile ya magome waliyorithi kwa baba zao. Miezi ya mwanzo masanduku yalikaa matupu. Watu wakachoka. Jumamosi ile kulikuwa na mkutano wa kuamua, waendelee au waache. Wakiacha, kijiji kitauchukua msitu na kuugawa mashamba ya mahindi, na kwa kuwa mvua zilikuwa karibu, shoka zingeingia wiki hiyohiyo.

"Na nyuki bado hawajaingia?" nikauliza.

Akashusha sauti, ingawa dukani tulikuwa wawili tu. "Kwangu wameingia. Nahisi na kwa wenzangu. Ila kwetu mzinga wenye nyuki hausemwi."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao. Mfugaji hatangazi kwamba mzinga wake umepata nyuki. Anaogopa wezi, anaogopa nyegere, anaogopa na jicho la jirani. Kwa hiyo kila mmoja alipokwenda kukagua mizinga yake alirudi kimya, akamnong'oneza katibu wa kikundi, katibu akaandika kwenye kompyuta ya kikundi, basi. Kila mtu alijua yake tu. Anayeona mizinga yake imejaa alidhani ana bahati peke yake, na aliyekuwa na mitupu alidhani wote ni kama yeye. Kitu kimoja tu ndicho kingeweza kuwaonyesha habari ya wote bila kumtaja hata mmoja, nacho ni chati. Na chati ilikuwa imegoma.

Nilifungua faili. Lilikuwa safi kuliko nyumba nyingi nilizolala. Kila taarifa ilikuwa na tarehe yake na idadi ya mizinga yenye nyuki. Mwalimu wa semina aliyewaanzishia alichora chati ya taarifa zilizokuwepo siku ile, akafanya kazi yake sawasawa, akaondoka. Chini ya taarifa hizo katibu alikuwa ameandika JUMLA kwa herufi kubwa, akaipigia mistari miwili. Kisha chini ya mistari hiyo akaanza upya: taarifa mpya, jumla mpya, mistari miwili mpya. Na huko chini namba zilikuwa zinapanda. Chati haikuwa na habari nazo. Ilikuwa imeambiwa itazame mpaka pale taarifa za mwanzo zilipoishia, nayo ikawa inatazama hapohapo.

Nikaivuta mipaka ya chati mpaka chini, nikaruka zile jumla, nguzo zikapanda. Mama akasimama.

"Yemwe!" akashangaa kwa Kirundi cha wazee wake. "Ndizo hizo!"

Nikamtolea karatasi, nikategemea ataondoka anaimba. Akaketi tena.

"Hapana," akasema. "Nina shemeji yangu kule, mdogo wa marehemu mume wangu. Huyo anapinga masanduku tangu siku ya kwanza. Nikienda na karatasi hii atasema nimekwenda mjini kununua nguzo ndefu. Na wengine wamekagua wiki hii, taarifa zao bado wanazo moyoni, watazileta palepale. Mwana wanje," akaniita mwanangu kwa lugha ileile, "hizi nguzo haziwezi kuota zenyewe mbele ya watu?"

Swali la namna hiyo ndilo linaloniharibia maisha. Nilimwambia zinaweza, kisha nikabaki kutafuta kama ni kweli.

Nilipata jibu kwenye video ya simu. Msemaji aliongea lugha ya Wahindi kwa kasi ya mnada, sikushika hata neno moja, lakini nilimwangalia mkono. Aliweka mshale ndani ya namba zake, akabonyeza vitufe viwili pamoja, na namba zote zikafungwa kwenye jedwali lenye rangi. Akachora chati. Akaandika namba mpya chini ya ya mwisho, jedwali likajinyoosha likaimeza, na chati ikaota nguzo. Nikairudia video mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimepata mchumba Bombay. Siri ilikuwa moja: taarifa ziandamane, ya leo igusane na ya jana, kusiwe na kitu katikati. Yaani kusiwe na jumla, kusiwe na mistari miwili.

Kwa hiyo kulikuwa na mtu wa kumwona Litapunga.

Katibu alikuwa katekista mstaafu, mzee mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikono imekuwa na makali. Kompyuta ya kikundi aliiweka mezani na kuifunika kitambaa cha kufuma, kama redio za zamani. Alinikaribisha vizuri, akanipa maji, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kijana, wewe umesoma wapi?"

"Njiani, mzee."

"Ndiyo maana. Aliyesoma angeniambia niongeze mistari, wewe unaniambia niifute."

"Nataka namba zigusane tu, mzee. Chati ikikuta JUMLA inadhani safari imeisha."

"Na imeisha. Nimeandika, nimejumlisha, nimefunga. Nikishafunga hakuna anayeongeza kitu juu ya mstari, hata mimi mwenyewe. Unajua ule mstari unawalinda watu na nani?"

"Na wezi?"

"Na mimi," akasema, na mama mwenyekiti akakubali kwa kichwa, bila utani wowote.

Nilielewa kitu hapo. Kama angekuwa mjanjamjanja, akachomeka taarifa mpya katikati ya zile za zamani, chati ingezichukua bila shida, maana chati hupanuka ukiisukuma kutoka ndani. Uaminifu wake ndio uliokuwa umeizuia. Na mimi nilikuwa nimetoka mjini na pikipiki kuja kumwambia aupunguze.

Nikaona maneno hayatasaidia. Nikatengeneza nakala ya faili, nikaondoa jumla zote katikati, nikazifunga taarifa kwenye jedwali moja, nikachagua mtindo wa jedwali wenye mstari mnene chini. Kisha nikamsogezea kompyuta.

"Mzee, andika taarifa chini ya mstari. Ya kujaribu tu."

"Chini ya mstari?"

"Chini kabisa. Usiuguse."

Akaandika kwa kidole kimoja, akabonyeza. Jedwali likajinyoosha. Mstari ukashuka hatua moja, ukakaa chini ya namba yake mpya. Pembeni, nguzo ikaota.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Umehama."

"Umehama."

"Nani kauhamisha?"

"Wewe, kwa kuandika. Kila ukiandika unafungua, na papo hapo mstari unafunga nyuma yako."

Akaandika nyingine. Mstari ukashuka. Akaandika nyingine tena, sasa anatabasamu, na mama mwenyekiti akasogeza kiti. Mke wa mzee akaitwa kutoka jikoni aje aone mstari unaotembea. Akaja na mwiko mkononi, akatazama, akasema ni mzuri, akauliza kama na unga wa kusonga ungeweza kujiongeza hivyo, akarudi jikoni.

Mzee alipomaliza kufurahi alizifuta namba zote za kujaribu, moja baada ya nyingine, akizisoma kwa sauti kila anapofuta. Nilimwambia ile ni nakala tu, hazina madhara. Akasema namba ya uongo hailali kwenye kompyuta ya kikundi, hata nakala.

Ikabaki jumla. Nilipendekeza tuiweke juu kabisa, ambako haimzuii mtu.

"Juu?" akashtuka. "Hiyo ni kusema amina kabla ya sala."

Tulibishana kuhusu hilo mpaka ugali ukaiva. Mwishowe nilimpa jumla ukurasa wake ndani ya faili lilelile, unaojijumlisha wenyewe, na huko akapiga mistari yake miwili kwa raha zake. Tukala, kisha tukafanya kazi ileile kwenye faili halisi, yeye akiwa ameshika kipanya na mimi nimekaa na mikono magotini kama aliyeshtakiwa.

Jumamosi mkutano ulikuwa kwenye jengo la kanisa. Projekta waliazima kwa watu wa kwaya, madirisha yakazibwa kwa vitenge ili ukuta uonekane, na umeme ulikuwepo, jambo ambalo mama mwenyekiti alilishukuru kwa sauti katika sala ya kufungua. Faili nililifungua kwenye madirisha mawili ya kompyuta. Moja, lenye chati peke yake, nikalipeleka ukutani. Jingine, lenye namba, likabaki mbele ya katibu tu.

Shemeji alikaa mstari wa mbele, amenyoosha miguu. Alikuwa fundi wa mizinga ya magome, mtu wa vichekesho, na kila alipopumua watu walijiandaa kucheka.

"Shemeji," akamwambia mwenyekiti, "leo umetuitia sinema?"

"Ndiyo. Na wewe ndiye stelingi."

"Basi niacheni nisinzie, stelingi hafi!" Akawageukia watu. "Nyie tazameni picha. Mimi nasema nilichosema mwaka jana. Nyuki wanajua gome. Hawajui msumari."

Watu wakacheka, na wachache wakatikisa vichwa kumkubalia. Niliwaona wale wa kutikisa vichwa. Hawakuwa wachache kama ambavyo ningependa.

Mwenyekiti alieleza utaratibu. Ukutani kuna nguzo, kila taarifa nguzo moja, jina la mtu halionekani. Upande wa kushoto ni zile za mwanzo, fupi kama wote mnavyokumbuka. Mwenye taarifa ya wiki hii aje kwa katibu, amnong'oneze, arudi akae. Baada ya hapo tunapiga kura.

Mwanzoni hakuna aliyesimama. Kisha akainuka bibi mmoja mwenye fimbo, akaenda taratibu, akamwinamia katibu sikioni. Katibu akaandika. Ukutani ikaota nguzo, ndefu kuliko zote za kushoto.

Watu wakamtazama yule bibi. Naye akarudi mahali pake akitazama chini kama hausiki.

Baada ya hapo walikuja mfululizo. Wengine waliziba mdomo kwa mkono wasije wakasomwa midomo. Baba mmoja alinong'ona kwa nguvu mno, mstari wa pili wote ukasikia, akarudi amekasirika kama ameibiwa. Na nguzo ziliota. Haikuwa kila moja ndefu, moja ilikuwa fupi na watu wakaihurumia, lakini upande wa kulia wa ukuta ulipanda kuliko wa kushoto, na kila ilipotokea mpya kulikuwa na mguno. Niliwaona majirani wakitazamana. Na wewe? Na wewe pia? Mwenyekiti alikuwa amesimama ukutani, mikono ameifunga ndani ya kitenge.

Shemeji alikwenda miongoni mwa wa mwisho. Alikwenda kwa madaha, akainama, akanong'ona haraka, akarudi akanyoosha miguu tena. Katibu akaandika kwa muda mrefu kidogo. Akabonyeza.

Ukutani hapakuota kitu. Pakawa na nafasi tupu, kama pengo la jino.

"Aa, masikini," akasema mama mmoja nyuma, akijifanya hakuona nani katoka kwa katibu. "Huyu naye nani?"

"Mpeni pole, wapangaji wa mizinga yake ni mijusi."

"Mijusi nayo ina asali, usiidharau!"

Jengo zima likacheka. Mimi nikadhani jedwali limekatika, nikainama kutazama kioo cha katibu. Shemeji hakuwa anacheka. Alikunja miguu. Alitazama pengo, akatazama watu, na yule mama wa nyuma akaongeza kwamba pengine huyo ndugu alitundika masanduku kichwa chini.

"Mijusi ya nani?" Shemeji akasimama. "Nimesema manne! Manne yana nyuki, na la tano wanaingia! Katibu, uandike ninachokuambia!"

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Shemeji," mwenyekiti akauliza polepole, "hiyo ni mizinga ya magome?"

Alitazama huku na huku. Mbele ya katekista aliyemfundisha sala, na sasa mbele ya kanisa zima, hakuwa na pa kupita.

"Ya masanduku," akasema.

"Si nyuki hawajui msumari?"

"Hawa," akasema Shemeji, "wamejifunza."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile ndani ya nyumba ya ibada. Bibi mwenye fimbo alipiga sakafu kwa fimbo. Mtu alianguka kutoka kwenye benchi, au alijiangusha. Shemeji mwenyewe alishikilia uso mgumu kadiri alivyoweza, kisha ukamshinda, akacheka mpaka akajifuta macho kwa shati.

Kosa nililiona mara moja. Katibu, kwa uaminifu wake ule, alikuwa ameandika kwenye safu ya namba maneno yote aliyoambiwa: "manne, la tano wanaingia." Chati haisomi maneno, ikaona hapana kitu. Nilimwonyesha safu ya maelezo iliyo pembeni. Akaandika namba peke yake, habari ya la tano akaihamishia kwenye maelezo, akabonyeza. Nguzo ikaota mahali pa pengo, na watu wakaipigia makofi kama bao.

Kura ilipigwa kwa kunyoosha mikono. Waliotaka kuacha walikuwepo, wakanyoosha bila aibu, na hakuna aliyewasema. Waliotaka kuendelea walikuwa wengi mno hata haikuhitaji kuhesabu, ingawa katibu alihesabu. Shemeji alinyoosha mkono upande wa kuendelea, kisha akasema lazima waruhusu na mizinga michache ya magome, kwa ajili ya nyuki wazee. Hilo nalo likapita.

Nilitegemea mwenyekiti atafurahi kwa sauti. Alifungua kitenge cha dirisha la kwanza, mwanga ukaingia, akatazama nje. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na moshi, watu wanachoma mashamba kabla ya mvua.

"Nani kaja na panga?" akauliza. "Msitu ni wetu, basi njia ya kuzuia moto ikatwe leo. Msiniambie kesho."

Wakatoka vilevile walivyokuwa, na nguo zao za mkutano. Wengine wakapitia nyumbani kuchukua mapanga na majembe. Katibu akazima kompyuta, akaifunika kitambaa chake, akapandisha mikono ya shati lake la pasi bila kuikunja vibaya. Mimi nilikuwa nakusanya waya za projekta nikiwaza nitapata wapi pikipiki ya kurudi mjini, mwenyekiti akanikuta mlangoni.

"Wewe wa steshenari, unajua kukata njia ya moto?"

"Sijui, mama."

"Hutaki kujua?"

Nikampigia simu mwenye duka kumwambia nitachelewa kidogo. Tulipofika msituni Shemeji alinishika bega, akanionyesha sanduku juu ya mti, nyuki wanatoka na kuingia kwenye jua la alasiri. Nikamuuliza wanachaguaje sanduku hili na kuliacha lile. Akasema hapo sasa nimeuliza swali la watu wazima, na jibu lake si la siku moja.

Mjini nilirudi mvua zilipoanza.